Makabidhiano ya Mwatumu

Iko nchi moja, wala si hii yetu, msije mkanishika shati, ambayo serikali yake ilikuwa na huruma nyingi kupita kiasi. Huruma hiyo ilikuwa na wizara yake, wizara ilikuwa na jengo lake, na jengo lilikuwa na ngazi za marumaru kutoka chini hadi juu. Wizara yenyewe iliitwa Wizara ya Mpito. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia vijana wenye ulemavu watoke shuleni na kuingia katika maisha ya utu uzima, na ofisi ya kuwahudumia iliwekwa ghorofa ya juu kabisa ili wakifika wapate mandhari nzuri. Hakuna aliyewahi kufika, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulalamika.

Katika nchi hiyo kila kitu kilikabidhiwa. Kisima kikichimbwa, wananchi hawakuruhusiwa kuonja maji mpaka aje mgeni rasmi kukikabidhi. Gari la wagonjwa likinunuliwa, liliegeshwa chini ya turubai likiwa limefungwa utepe, na wagonjwa wakaendelea kubebwa kwa machela mpaka tarehe ipatikane. Kulikuwa na daraja moja huko kusini lililokaa miaka bila kukanyagwa. Watu walivuka mto chini yake, maji yamewafika kifuani, wakilitazama kwa fahari. Ndiyo desturi yao, na hatuna haki ya kuwacheka.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa Bunge lilipopitisha Sheria ya Mpito Salama. Sheria ilisema kijana mwenye ulemavu akimaliza shule asitoke ovyo kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Aandaliwe, apimwe, kisha akabidhiwe rasmi kwa utu uzima. Na mwajiri atakayempokea kijana ambaye hajakabidhiwa atahesabiwa amekutwa na mali ya serikali kinyume cha utaratibu. Vijana wasio na ulemavu hawakuandaliwa wala kupimwa. Wao walitoka shuleni wakakimbia, na wengi wao hadi leo hawajui kupika wali.

Mwatumu Sengondo alimaliza chuo cha ufundi akiwa na ujuzi wa kushona makochi na mdomo usiojua kunyamaza. Alitumia kiti cha magurudumu tangu utotoni, na alikiendesha kwa kasi iliyowatia adabu kuku wa mtaa mzima. Mafunzo ya vitendo aliyafanya katika karakana ya Mama Chiku, mwanamke mnene wa sauti na mwembamba wa subira, ambaye makochi yake yalikaliwa na nusu ya wakubwa wa mji. Siku ya kuagana Mama Chiku alimwambia maneno ambayo kwa Mama Chiku ni sawa na kumvisha mtu taji.

"Kona unazikunja vizuri. Ukimaliza chuo, njoo."

Mwatumu alimaliza, akafunga mzigo wake aende. Langoni akakuta basi la Wizara, kwaya ya Wizara, na afisa mwenye tabasamu la Wizara. Kwaya ikaimba kwamba safari ya utu uzima imeanza, naye akapakiwa na kupelekwa upande mwingine kabisa wa mji.

*

Alipelekwa Mtaa wa Mfano.

Huu ulikuwa mtaa kamili uliojengwa ndani ya ukuta, mahali pa kufanyia mazoezi ya maisha. Kulikuwa na Duka la Mfano lililouza nyanya za mbao. Kulikuwa na Benki ya Mfano, ambayo haikuwa na fedha, na kwa jambo hilo ilifanana sana na benki ya serikali. Kulikuwa na Basi la Mfano lisilo na injini, na kila asubuhi kondakta wake alitaja vituo kwa upole, akiwauliza abiria kama wameketi vizuri. Kila mlango ulikuwa mpana na kila mahali palipo na kidato cha ngazi palikuwa na njia ya mteremko. Mtu angeweza kuzunguka mtaa mzima kwa magurudumu bila kumwomba mtu msaada. Nje ya ukuta, katika mji wenyewe, hakukuwa na mteremko hata mmoja, maana bajeti yote ya miteremko ilikuwa imeishia ndani.

Siku ya kwanza kiti chake kilipigwa chapa mgongoni kwa rangi nyeupe: MALI YA SERIKALI. Mwatumu akauliza kilicho mali ni kiti au aliyekikalia. Akaambiwa swali hilo litajibiwa kwenye semina.

Akinunua nyanya ya mbao, maofisa walipiga makofi. Akishuka kwenye basi ambalo halijaondoka, walipiga makofi tena. Siku moja alipiga chafya, na afisa mmoja kijana aliyekuwa mgeni kazini akapiga makofi kwa bidii.

Mwenye nyumba wake aliitwa Mzee Kingalu. Cheo chake kamili kilikuwa Afisa Mwenye Nyumba Daraja la Pili, na kila mwisho wa mwezi alikuja kudai kodi ya mfano.

"Hodi, hodi. Samahani binti, nimekuja kukukumbusha habari ya kodi. Lakini kama huna si neno. Waraka unasema nisikukaripie."

"Shikamoo, Mzee Kingalu. Hivi wenye nyumba wa kweli ndivyo walivyo?"

Mzee Kingalu alitazama kushoto na kulia, akainama. "Mimi mwenyewe nimepanga, binti," alinong'ona. "Wa kwangu jana kaja kaning'olea mlango."

Mwatumu alimpenda mzee huyo. Alipenda hata kondakta. Shida yake ilikuwa moja tu, kwamba maofisa walikuwa wengi kuliko wanafunzi, na kila mwanafunzi alikuwa amebeba mgongoni ajira za watu na ada za watoto wao. Mwanafunzi akifaulu, nani atadaiwa kodi ya mfano? Kwa hiyo hakuna aliyefaulu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa tu na mazoea ya kula kila siku.

Mwatumu alipita somo la Kuvuka Barabara, akapita Kupanga Foleni, akapita Kuingia Benki na Kutoka. Somo lililomkwamisha ni Kushukuru. Mtihani wake ulikuwa hivi: afisa anampa mwanafunzi kipande cha sabuni, na mwanafunzi anashukuru. Mwaka wa kwanza Mwatumu alipokea sabuni, akasema, "Asante." Akapewa sifuri. Jibu sahihi lilianza kwa Mheshimiwa Waziri, likashuka kwa Naibu wake, likapita kwa Katibu Mkuu na wakurugenzi wote kwa kufuata itifaki, na kumalizikia kwa mtoa sabuni. Mwaka wa pili alisema, "Asanteni nyote," ikaonekana ana haraka. Mwaka wa tatu aliuliza kwa nini apewe sabuni ilhali anayo yake, na msimamizi wa mtihani akalazimika kwenda kulala kidogo.

*

Siku moja mlinzi wa lango la mbele alimwita. Ng'ambo ya nondo za lango alisimama Mama Chiku, futi ya kupimia imening'inia shingoni, mikono kiunoni.

"Mwatumu!"

"Abee, Mama Chiku."

"Unangoja nini humo ndani?"

"Kukabidhiwa."

"Kukabidhiwa? Kwani wewe ni kisima?"

Mlinzi alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

"Nisikilize," Mama Chiku aliendelea, akishusha sauti mpaka ikasikika nyumba chache tu za jirani. "Nimepata oda ya hoteli, na karakana nimeihamishia hapa ng'ambo. Viti vya ukumbi mzima. Nataka fundi wa kona, na fundi wa kona ni wewe. Nafasi nakushikia mpaka mwezi wa mfungo uandame. Ukiandama hujaja, nampa mpwa wangu Ndaro. Mama yake ananilia kila siku."

"Ndaro anajua kushona?"

"Ndaro hajui hata upande wa mkasi unaokata."

"Sasa nikija baadaye utamwondoa?"

"Mtoto wa dada yangu? Nikishampa nimempa. Dada ana mdomo kukushinda wewe. Nitahama mji."

Mwatumu alishika nondo. "Mama Chiku, si unipokee tu hivi hivi?"

"Mwanangu, mwenzangu wa kule sokoni alimpokea kijana asiyeona, amsaidie kukoroga rangi. Walikuja na pingu. Mpaka leo anaulizwa mali ya serikali aliipata wapi." Mama Chiku alipangusa jasho. "Tafuta hao watu wakukabidhi. Mie nina viti."

Akaondoka. Mwatumu alibaki pale langoni roho ikimuuma. Alikuwa anaijua kazi, kazi ilikuwa inamtaka, na kati yao palikuwa na watu wema tupu.

*

Aligeuza kiti akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi wa Mtaa wa Mfano, Dokta Kasiano Mbelwa. Dokta Mbelwa alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kusikitikia.

"Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba nikabidhiwe kabla mwezi haujaandama."

Dokta Mbelwa alivaa miwani ya pili. "Binti, ombi lako ni zuri. Ni zuri tena ni la msingi, na kwa sababu ni la msingi haliwezi kukubaliwa kirahisi. Makabidhiano yana pande mbili. Yupo anayekabidhi na yupo anayepokea. Wizara ya Elimu iko tayari kukuachia, imekuwa tayari siku nyingi. Lakini nani akupokee? Wizara ya Kazi inapokea wafanyakazi tu, na wewe huwezi kuwa mfanyakazi mpaka upokelewe. Wizara ya Afya inapokea wagonjwa. Walikupima, wakakukuta mzima, wakasikitika sana."

"Basi nijipokee mwenyewe."

Dokta Mbelwa alicheka mpaka akavua miwani zote. "Mali haijipokei, binti!"

Pengine hadithi ingeishia hapo kama wafadhili wasingepiga simu. Wafadhili wa Mtaa wa Mfano walikuwa watu wa mbali, wenye viatu vya kutembelea milimani, na waliuliza swali ambalo kwa miaka yote hakuna aliyekosa heshima kiasi cha kuliuliza. Walitaka kujua ni vijana wangapi wamekwishavuka.

"Wote wako mbioni," alijibu Dokta Mbelwa.

Wafadhili wakasema ni vizuri, lakini wangependa kumshika mkono mmoja aliyefika. Walikuwa wanakuja Jumamosi.

Kamati ya dharura ilikutana kwenye hoteli ya kitalii, penye utulivu na nyama choma, ikatoka na uamuzi. Mwatumu atakabidhiwa Jumamosi. Alichaguliwa kwa sababu anasema vizuri na meno yake yanapendeza pichani. Na kwa kuwa huko nje hali si salama kwa mtu mzima, maana barabara zina mashimo na mitaro haina vifuniko, kamati iliazimia utu uzima uletwe ndani. Utepe ungefungwa katikati ya uwanja wa Mtaa wa Mfano. Upande huu utakuwa shule, upande ule utakuwa maisha.

"Na nikishafika upande ule?" Mwatumu aliuliza alipoitwa kupewa habari njema.

"Kuna cheo kipya kwa ajili yako," alisema Dokta Mbelwa, akisimama kwa heshima ya cheo hicho. "Mhitimu wa Mfano."

"Anafanya nini?"

"Anakuwa amefaulu."

"Kila siku?"

"Siku za kazi. Wageni wakija unatabasamu. Kuna mshahara, kuna pensheni, na kuna mwavuli wenye nembo ya Wizara."

Tuseme kweli, Mwatumu alitamani. Nani asingetamani? Mama yake mzazi angepata cha kuwaambia majirani. Mzee Kingalu alimfuata hadi mlangoni, kofia mkononi. "Kubali, binti. Ukikubali sote tumepona." Mwatumu akakaa mchana kutwa dirishani akijaribu kujiona chini ya ule mwavuli, na mwavuli ulimpendeza.

Kisha akaangalia mikono yake. Alipotoka kwa Mama Chiku kidole gumba chake kilikuwa kigumu kwa sindano, kimeota sugu mahali pale ambapo fundi wa kona hukandamiza kitambaa. Sasa sugu ilikuwa imekwisha. Kidole kilikuwa laini kama cha Mkurugenzi. Jambo hilo lilimuuma kuliko chapa ya mgongoni, akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

*

Jumamosi ilifika na maturubai, viti vya plastiki, fulana na kofia. Kwenye lango la mbele lilitundikwa bango kubwa la mbao lenye maneno KARIBU UTU UZIMA. Picha ya Waziri ilijaza bango zima, kutoka kwenye kipara hadi kwenye fundo la tai. Mwatumu naye alikuwemo, chini pembeni. Yalionekana magurudumu.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri Apolinari Gwasuma, alichelewa kwa muda unaostahili cheo chake. Yeye na wafadhili waliingia kwa lango la nyuma, lenye lami, ambalo mlinzi alilifunga mara moja kwa sababu za kiusalama. Ngoma zikapigwa. Risala ikasomwa. Mshereheshaji, aliyevaa suti ya kung'aa, akawatambulisha wageni wote, kisha akawatambulisha waliowatambulisha. Mwishowe Waziri akasimama.

"Itifaki imezingatiwa," alianza, akaitaja yote. "Ndugu wananchi, wapo watu wanaosema serikali haifanyi kitu. Leo wataona aibu! Leo serikali yenu sikivu inatoa mtu mzima! Nchi jirani zina madini, zina mafuta, sisi tuna Mwatumu! Tulifanya upembuzi yakinifu, tukaunda mchakato, tukashirikisha wadau, na wadau wakashirikiana na mchakato. Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, natangaza kwamba kuanzia dakika hii Mwatumu Sengondo ni mtu mzima kamili, mwenye hiari ya kwenda atakako na kufanya atakalo!"

Maneno hayo ya mwisho mwandishi wa hotuba aliyaweka ili kuwafurahisha wafadhili, na kweli walifurahi. Mkasi ukaletwa kwenye mto mdogo. Utepe ukakatwa. Mwatumu akasukumwa kutoka shuleni hadi maishani, hatua kama tatu, na Dokta Mbelwa akampokea kwa niaba ya utu uzima.

"Je," aliimba mshereheshaji, "mtu mzima wetu ana neno?"

Mwatumu alichukua kipaza sauti. Akamshukuru Mheshimiwa Waziri. Akamshukuru Naibu Waziri, Katibu Mkuu, wakurugenzi wote na wakurugenzi wasaidizi, mmoja baada ya mwingine bila kuruka, akashuka taratibu hadi kwa mtoa sabuni. Msimamizi wa somo la Kushukuru alitoa leso akafuta macho.

"Mheshimiwa, nina swali dogo tu," alisema Mwatumu. "Hayo uliyoyasema, kwamba naweza kwenda nitakako, ni ya kweli?"

Waziri aliwatazama wafadhili. "Serikali yetu haijawahi kusema uongo mbele ya wageni."

"Basi nakwenda kazini. Nimechelewa."

Akarudisha kipaza sauti, akageuza kiti, akaelekea lango la mbele.

Mshereheshaji alidhani ni kipengele cha ratiba ambacho yeye hakuambiwa, na hakutaka ionekane hivyo. "Na sasa, mabibi na mabwana," alinguruma, "Mwatumu anakwenda kazini!" Bendi ikalipuka. Wafadhili wakainuka na kamera zao. Wafadhili wakiinuka Waziri huinuka, Waziri akiinuka wote huinuka, na hivyo mkutano mzima ukamfuata Mwatumu nyuma kwa shangwe. Dokta Mbelwa alitembea katikati yao akivaa na kuvua miwani.

Mlinzi akafungua lango.

Mbele ya lango, kati ya Mtaa wa Mfano na mji, ulipita mtaro wa maji machafu, mpana na wa kina, uliokuwa ukingoja kifuniko tangu uhuru. Wenye miguu waliuruka. Ng'ambo yake kulikuwa na barabara, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na karakana ya Mama Chiku iliyohamia hapo kwa ajili ya oda. Mama Chiku mwenyewe alisimama ukingoni na futi yake shingoni. Nyuma yake, mlangoni pa karakana, Ndaro na mama yake walikuwa wamekwishaketi na mfuko wa nguo, wanalichungulia anga.

Mwatumu alisimamisha magurudumu kwenye ukingo.

"Mnaona wenyewe, wadau!" Dokta Mbelwa alipata pumzi. "Utu uzima haujawa tayari. Turudi ndani kwa ajili ya viburudisho."

"Naagiza iundwe kamati ya mtaro," alisema Waziri, na kamati ikaundwa palepale, ikapata mwenyekiti, ikaomba posho.

"Mwatumu!" sauti ya Mama Chiku ilivuka maji. "Mwezi unatazamwa jioni hii! Umekuja kazini au umekuja kutazama mtaro?"

Mwatumu alitazama chini, akatazama juu. "Mzee Kingalu," aliita. "Hilo bango ni la mbao kweli?"

"Mbao nzito, binti. Zabuni yake ilipita mara mbili."

"Naomba ulishushe, ulilaze hapa."

Mzee Kingalu alivua kofia. Katika maisha yake yote hakuwahi kushusha kitu chenye picha ya kiongozi. "Nikiulizwa nani kaamuru?"

"Sema mtu mzima."

Mzee akamkumbuka yule mwenye nyumba wake aliyebeba mlango begani bila kumwuliza mtu, na akaona kwamba hata yeye, siku moja tu, anaweza kung'oa kitu. Akamwita mlinzi. Wakafungua waya. Bango likashuka, likalala juu ya mtaro, uso wa Waziri ukitabasamu kuelekea mbinguni.

Katika nchi ile ukikanyaga hata gazeti lenye uso wa kiongozi unaitwa mahali. Kiongozi wa wafadhili akamgusa mkalimani, akauliza hiki wanachokiona ni nini. Mkalimani alikuwa na watoto wanne na akili ya haraka.

"Ni desturi yetu ya kale," alimwambia. "Kiongozi hujilaza awe daraja la wananchi wake."

Wafadhili walishika vifua. Mmoja alilia waziwazi. Wakapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, wakimgeukia Waziri, na Waziri, ambaye tayari alikuwa amefungua mdomo kuita polisi, akaufunga, akautanua ukawa tabasamu, akavuta kifua mbele kama mtu aliyelipanga jambo hilo usiku kucha.

Mwatumu akavuka. Gurudumu moja lilipita kwenye tai, jingine kwenye shavu. Mbao zililia lakini zilishika. Nyuma yake, kabla mtu hajapata wazo la kumzuia, alifuata mwanafunzi mwenzake, Tunu asiyesikia, na baada ya Tunu akaja Mlolwa asiyeona, fimbo yake ikigonga paji la uso la Mheshimiwa kuhakikisha liko imara. Halafu wakaja wengine. Wafadhili walipiga picha, na mafanikio ya Wizara yakazidi kupanda mbele ya macho ya watumishi wake walioanza kujiuliza kesho watamdai nani kodi.

*

Niwatoe wasiwasi kuhusu watumishi. Cheo cha Mhitimu wa Mfano kilikuwa kimekwishapitishwa kwenye bajeti, na bajeti katika nchi ile hairudi nyuma. Mzee Kingalu alipewa kiti cha magurudumu na mwavuli, akawa anatabasamu siku za kazi. Wageni wanamsifu sana. Wanasema ni mfano wa kile ambacho mtu mwenye ulemavu anaweza kukifikia akiandaliwa vizuri, na jioni yeye huinuka, hukunja mwavuli, akaenda nyumbani kwake kwa miguu. Kamati ya mtaro ingali inakutana.

Hayo ni ya baadaye. Jioni ile Mwatumu aliingia karakana, akapewa meza ya pembeni, sindano, uzi, na kiti cha kwanza cha hoteli. Ndaro na mama yake walikuwa bado mlangoni, shingo juu. Mwatumu alikunja kona, akashona. Mama Chiku alikuja akapitisha kidole juu ya mshono.

"Fumua."

"Abee?"

"Kona imelegea. Hoteli watakaa watu, si picha. Fumua."

"Mkono umelala siku nyingi, Mama Chiku."

"Uamshe."

Mwatumu aliona uso unawaka. Alitaka kusema uzi ni mbovu, akasema, akajibiwa kwamba uzi ule umeshona makochi ya mji mzima bila kulalamika. Akafumua. Akashona tena, akiwa na hasira, na katikati ya hasira ile alijikuta ana furaha kubwa hata akaogopa isije ikaonekana. Mama Chiku akarudi na kidole chake. Fumua. Uzi ukamkata kidole gumba, akakinyonya, akaendelea. Huko nje watu wakapiga kelele kwamba mwezi umeonekana. Mama yake Ndaro alichungulia ndani, akaiona meza ya pembeni ina mtu, akanyanyua mfuko wa nguo bila kuaga.

Mama Chiku alikuja mara nyingine. Kidole kilikwenda mpaka mwisho wa kona, kikarudi. Alikitoa kile kiti mezani, akamrushia Mwatumu kitambaa cha kiti kingine.

"Kesho saa moja kamili uwe hapa. Ukichelewa tena, nakukata mshahara."

"Utanikata hata mimi?"

Mama Chiku aligeuka, akamtazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Kwani wewe nani?"

Mwatumu alitunga uzi kwenye sindano.

"Fundi wa kona," alisema, akainamia kitambaa.